Zuio la Baba Mkwe

Tumpe wa Soweto, Mbeya, hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Mchele aliufuata mwenyewe Chimala, akabishana na madereva wa fuso mpaka wanakubali yaishe. Lakini mtajie baba mkwe wake uone: shingo inalegea, kitenge kinapanda kichwani. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawakai chumba kimoja, wala hawalali nyumba moja. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia majanini mpaka mzee apite.

Mume wake, Andendekisye, alipofariki, mzee huyo huyo akaenda kuweka zuio kwenye hati ya nyumba. Zuio, jamani, ni kufuli la kisheria: nyumba haiuzwi wala haihamishiwi kwa mtu, na mjane anabaki kuitazama tu. Shemeji yake, Brayson, alishaanza kuja na futi kamba kupima madirisha.

"Shemeji, hapa nitaweka aluminiamu," anasema, huku anacheka.

Usingizi ukamwisha Tumpe. Usiku anakesha akiwaangalia wanawe wawili wamelala.

Akaenda mahakamani kuomba zuio liondolewe. Wakili wake, Philbert, kijana wa Kihehe kutoka Iringa, akamweleza, "Mama, utasimama utoe ushahidi, mzee akiwepo."

"Chumba kimoja?"

"Sasa mama, tuweke vyumba viwili?"

Mwe! Mtoto wa watu angejuaje. Siku ya kwanza Tumpe alifika mlangoni, akaona koti la mkwe, akatimua mbio mpaka barabarani. Jaji akaahirisha na kuonya: asipotoa ushahidi safari ijayo, maombi yatatupwa. Ndipo Tumpe akajikuta na hofu mbili, ya mkwe na ya kulala nje na watoto, na hakujua ipi itamuua kwanza.

Safari ya pili aliingia kinyumenyume, amejifunika kitenge, akakaa ameelekea ukuta. Watu wakacheka. Wazee wa ukoo waliotoka Tukuyu hawakucheka, maana mzee naye alikuwa amegeukia dirisha. Mzee akaapa, akaanza kueleza kwa nini zuio libaki.

"Nyumba nimejenga mimi, mheshimiwa, kwa ng'ombe zangu. Miaka yote nikija mjini nalala humo, chumba cha mbele."

Ee Kyala, Mungu wangu! Tumpe alijua ni uongo. Zamu yake ilipofika, Philbert akauliza, Tumpe akavuta kitenge. Jaji akauliza, kitenge kikashuka zaidi. Mara akasikia Brayson akicheka kichinichini nyuma yake, na sauti ikamtoka, nyembamba, inatetemeka.

"Mheshimiwa, naomba baba aulizwe mbele ya wazee wake. Mimi na yeye tumewahi kulala nyumba moja?"

Wazee wakaguna kwa pamoja. Hilo si neno dogo! Mzee akisema ndiyo, amejivunjia heshima mbele ya ukoo mzima. Akisema hapana, basi ile ya chumba cha mbele ni uongo chini ya kiapo. Na Tumpe mwenyewe alikuwa ametamka kitu ambacho mkamwana hatamki, na kwa hicho tu wangeweza kumtenga yeye na watoto wake.

Jaji akamwambia mzee ajibu.

"Sijawahi," akaliambia dirisha. "Hata uani kwake sijakanyaga. Nyumba ni ya mwanangu na mke wake. Litoeni hilo zuio."

Jaji akaamuru liondolewe. Philbert akamshika Tumpe mkono kumpongeza, akaukuta wa baridi.

Nje, mzee akawa anakuja kwenye njia ile ile. Tumpe akaruka pembeni, akaingia kwenye maua ya mahakama, akapiga magoti na kufunika uso. Viatu vya mzee vikapita. Vikafuata vya wazee wa ukoo, jozi baada ya jozi, na hakuna hata mmoja aliyesimama kumwambia pole. Tumpe alibaki ameinama pale pale, nyumba anayo, ukoo hana, na bado anaogopa kuinua kichwa.