Ndiyo ya Marehemu Laddie

Nimesoma mita za watu miaka ishirini na sita. Najua nani anawasha kiyoyozi mwezi wa tatu kwa madaha tu, nani ana friji ya pili ya kufichia bia, mbwa wa nani anauma na wa nani anabweka ili apewe soseji. Kisha wakaleta mita zinazojisoma zenyewe, na mimi Emil Sulak nikapewa keki nikaambiwa kwaheri. Kwa hiyo mtu akianza kuniletea habari za mizimu kwenye nyaya, nilikuwa namcheka usoni. Siku hizi simcheki.

Jirani yangu hapa katika mji wetu mdogo wa Podzim ni Albina Kocurek. Ana miaka sabini na nne, mfupi, mikono haiishi unga, na ulimi wake hauna simile. Kila Ijumaa anaoka vijikate vitamu vya kolache vya kupeleka ukumbi wa kanisa, na ole wako ukimsifia vya mwanamke mwingine. Mumewe, Ladislav, sote tulimwita Laddie, alikuwa mwenzangu wa karata tangu enzi sote wawili tuna nywele. Ndiyo maana Albina ni shemeji yangu, ingawa hatuna hata tone moja la damu ya pamoja.

Laddie alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye mtambo wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe, upande wa majivu. Alirudi nyumbani kila jioni kope zimekuwa za kijivu. Walipoanza kusimamisha yale mapangaboi makubwa ya upepo kwenye mwinuko wa kaskazini, alikasirika kana kwamba yamesimamishwa kitandani kwake. Jumapili haikupita bila kuyatukana.

"Umeme wa upepo!" alikuwa akisema, karata mkononi. "Upepo ukisinzia, mwanamke anajifungulia gizani. Bora nife kuliko niwape senti yangu."

Akafa kweli, miezi kumi na minne iliyopita, chumbani kwake, kwa kifua. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri. Nilikuwepo. Albina alimfumba macho, akaenda jikoni, akafanya kama mama yake alivyofanya na bibi yake kabla yake: akafunika kioo kwa shuka, akatia kidole kwenye saa ya ukutani akausimamisha ule ulimi wa shaba unaobembea. Kioo alikifunua baada ya mazishi. Saa hakuigusa tena. Mwaka mzima na zaidi, kwa Albina ni saa tisa na dakika ishirini.

Vita vya mumewe akavirithi vizima. Huku kwetu nguzo ni za kampuni moja na nyaya ni zile zile, lakini wa kukuuzia umeme unamchagua mwenyewe, na wako chungu nzima. Wanagonga milango wamevaa fulana za kijani, wanacheka meno yote nje. Kijana akitamka "upepo" tu pale kwa Albina, anafukuzwa na ufagio mpaka barabarani.

"Hii ni nyumba ya Laddie Kocurek!" anampigia kelele. "Utamfanya ageuke kaburini, mshenzi wewe!"

Sasa basi. Mwezi wa tisa, Jumatatu saa nne asubuhi, namwona Albina anakuja kwangu bila aproni. Sijawahi kumwona bila aproni siku ya kazi. Alikuwa ameshika barua kwa ncha za vidole.

"Emil, soma hii. Soma kwa sauti nijue kama ni macho yangu."

Nikasoma. Mpendwa Bwana Ladislav Kocurek, asante kwa kuchagua umeme wa upepo kwa asilimia mia moja. Mkataba wako wa miaka mitatu unakwisha Ijumaa. Barua pepe zetu kwako zimerudi bila kusomwa. Tafadhali utuambie kama unaendelea nasi.

"Matapeli," nikasema papo hapo. "Wanaokota majina ya marehemu magazetini. Chana."

"Nimeangalia namba ya mita. Ni yetu."

"Wewe umeijuaje namba ya mita?"

"Nilitoka nikaisoma ukutani. Ulidhani ni wewe peke yako uliyejaliwa macho?"

Nikachukua ile barua tena. Mita zilibadilishwa, namba zikabaki zile zile nilizozisoma mimi mwenyewe kila mwezi kwa miaka. Nazijua kuliko siku ya kuzaliwa ya dada yangu. Zilikuwa zenyewe. Nikamuuliza hizo bili za umeme alikuwa anaziona wapi muda wote huo. Akasema hajawahi kuziona hata moja, mambo ya karatasi yalikuwa ya Laddie, na benki inalipa yenyewe.

"Kwa hiyo unafukuza watu na ufagio, na miaka mitatu humo ndani taa zinawaka kwa upepo!" Nilicheka. Nakiri nilicheka.

Hakucheka. Alikaa kwenye ngazi yangu, mikono magotini, anatazama kule kwenye mwinuko. Mapangaboi yote yalikuwa yanazunguka polepole.

"Laddie asingefanya hivi," akasema. "Na kama alifanya, basi karibu miaka miwili alikuwa anakaa mezani kwangu anasema uongo kila Jumapili. Emil, sitaki bei, sitaki umeme. Nataka kujua nilimzika nani."

Tulikwenda jikoni kwake tukaipigia ile kampuni, simu ikiwa kwenye spika. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, nzi wanagonga wavu wa mlango. Akapokea binti mmoja, jina lake Yesenia, ana sauti ya upole. Albina akamweleza kwamba mteja amefariki na kwamba kuna mtu ameiba jina lake.

"Pole sana, mama," akasema Yesenia. "Lakini aliyejiunga alijiunga kwa simu, na kwa simu lazima tumrekodi mtu akikubali. Sauti yake ninayo hapa. Unataka kuisikia?"

Albina akanitazama. Nilitaka kumwambia akatae. Nilikuwa na sababu, ila ukiniuliza ni ipi sina. Mwili tu ulikataa.

"Niwekee," akasema.

Kukawa na kelele kidogo, kisha mwanamume mgeni akamtaka mteja ataje jina lake kamili.

"Ladislav Jan Kocurek."

Mungu wangu. Si sauti inayofanana naye. Ni yeye, na ule mkwaruzo wake kooni, na vile alivyokuwa anavuta pumzi katikati ya majina kama mtu anayepanda ngazi. Miezi kumi na minne yuko chini ya udongo mweusi, na hapa yuko jikoni kwake. Nikajikuta nimegeuka kutazama kiti chake.

Kisha tukasikia mengine. Nyuma yake maji yalikuwa yanamwagika kwenye sinki, sahani zinagongana, na mwanamke anaimba taratibu wimbo wa kubembeleza watoto. Albina alipeleka mkono mdomoni.

"Ni mimi," akanong'ona. "Emil, yule ni mimi."

Na juu ya wimbo, saa ikaanza kugonga. Saa ile ile iliyokuwa ukutani juu ya vichwa vyetu, imenyamaza.

"Tusubiri kidogo, bwana," akasema yule mgeni kwenye rekodi. "Hiyo saa imalize, sauti zisichanganyike."

Wakasubiri. Nasi tukasubiri nao, tumekodoa macho. Saa ikamaliza.

"Bwana Kocurek, unachagua umeme wa upepo kwa hiari yako?"

"Ndiyo." Akakohoa. Kikohozi kirefu, kile cha miaka yake ya mwisho. "Nimemletea mke wangu majivu nyumbani miaka thelathini na moja. Shuka zangu anafua yeye, anaona ninachokohoa, hasemi kitu. Inatosha."

"Nahitaji ndiyo tu, bwana. Karatasi tukutumie kwa njia gani?"

"Kwenye barua pepe. Nyumbani usilete. Huyo akijua atanicheka mpaka nife."

Rekodi ikakatika hapo. Yesenia akauliza kama bado tupo. Mimi nilikuwa natazama meza, maana machozi ya mtu mzima hayatazamwi. Ila Albina hakuwa analia. Alikuwa amewaka.

"Nimcheke! Mimi nimcheke!" Akasimama, akampigia kelele yule aliye ukutani kwenye picha ya harusi. "Mpumbavu mkubwa wewe! Karibu miaka miwili unatukana upepo mbele za watu, na mimi nafukuza watoto wa watu kwa ajili yako! Ungeniambia! Kifua chako nilikuwa nakisikiliza usiku kucha, ungeniambia!"

Yesenia, masikini, akamsubiri. Kisha akasema kwa upole kwamba mkataba wa marehemu unafungwa Ijumaa, na ukifungwa, rekodi nayo inaondolewa. Mama akitaka kuendelea itabidi ajiunge kwa jina lake mwenyewe. Akichagua kampuni nyingine, hata ya makaa, ni haki yake.

Siku zilizofuata Albina hakutoka kwake. Nilimwona kupitia uzio. Alianika shuka, akazianua, akazianika tena zikiwa zimekauka. Jumatano nilimkuta amekaa jikoni, simu iko kwenye spika, na Laddie anasema jina lake. Alikuwa amempigia tena Yesenia kumwomba airudie rekodi. Nilipomuuliza amempigia mara ngapi, alinitolea uvivu.

"Yanakuhusu? Nenda kasome mita."

"Shemeji, utajiumiza. Acha."

"Kila mara wimbo unaishia mahali pengine, Emil."

Nikamwambia rekodi haibadiliki, ni masikio yake yamechoka. Akaniambia nikae nisikilize basi. Sikukaa. Mimi mwanamume wa kilo mia moja nilitoka mle ndani nikaacha kofia yangu mezani, na sikurudi kuichukua.

Ijumaa akaja mwenyewe na kofia. Alikuwa amevaa aproni, lakini hakuwa na unga mikononi. Kwa mara ya kwanza, ukumbini watu walikula mikate ya dukani.

"Leo ndiyo mwisho," akasema. "Nikiwaambia hapana, anafutwa. Nikiwaambia ndiyo, nitasema kwa jina langu, na yeye anafutwa vile vile. Huu mtego gani?"

"Basi chagua unachotaka wewe."

"Ninachotaka mimi nilikizika." Akapangusa pua kwa aproni. "Njoo ukae nami. Usinipe ushauri, kaa tu."

Tukaingia. Siku hiyo hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Kule kwenye mwinuko mapangaboi yalikuwa yamesimama yote, na friji ya Albina inanguruma kama kawaida. Nilitaka kutania, umeme wa upepo na upepo wenyewe umelala, lakini nilikuwa nimeambiwa nikae tu, nikakaa.

Alimpigia Yesenia, akamwambia anaendelea na upepo, kwa jina la Albina Kocurek. Yesenia akamshukuru, akasema anamuunganisha na mtu wa kurekodi, aliye ofisi nyingine, mji mwingine, asiyejua chochote zaidi ya jina na namba ya mita. Yeye atauliza, mama atajibu, basi.

Mlio, kisha sauti ya mwanamume kijana, ya kuchoka.

"Habari za mchana. Mazungumzo haya yanarekodiwa. Taja jina lako kamili."

"Albina Marie Kocurek."

"Asante, mama. Unachagua... Samahani. Tusubiri kidogo, hiyo saa imalize kugonga."

Nilitazama juu. Naapa nilitazama kabla hajafunga mdomo. Mishale iko saa tisa na dakika ishirini. Ule ulimi wa shaba umening'inia wima, na buibui ameushona na ubao kwa uzi mweupe, uzi haukutikisika. Jikoni palikuwa kimya kiasi kwamba niliisikia pumzi yangu ikipita puani. Na kwenye simu yule kijana alikuwa anasubiri, anagongagonga kalamu yake mezani, kama mtu anayesikia kitu anachokijua vizuri.

Nilimshika Albina mkono nikimwonyesha akate. Akautoa mkono wake. Alikuwa anaitazama ile saa kwa jicho alilokuwa akimtazamia Laddie anapoingia na viatu vichafu.

"Si kitu, mwanangu," akasema. "Ni ya nyumbani. Acha imalize."

Sijui tulisubiri muda gani. Mimi nilikuwa nimeshaanza sala ninayoikumbuka nusu.

"Haya, imemaliza," akasema kijana. "Mama Kocurek, unachagua umeme wa upepo kwa hiari yako?"

"Ndiyo."

"Na karatasi tukutumie kwa njia gani? Barua pepe?"

Albina akavuta kiti cha Laddie, kile ambacho hakuna aliyekikalia tangu mazishi, akakisogeza kidogo kutoka mezani kama mtu anayemkaribisha mwingine.

"Leteni hapa hapa nyumbani," akasema. "Humu ndani hatufichani tena."