Penye Watoto Niliandika Hakuna

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na wa kwanza kwenye orodha ya walionikasirisha ni mimi mwenyewe. Wengine nitawafikia.

Mimi ni msaidizi wa maabara katika zahanati moja ya binafsi pale Isevya, mjini Tabora. Nina kidato cha nne, cheti cha maabara, na vidole viwili vya zambarau visivyotakata hata siku ya Idi. Natoboa watu vidole, napaka damu kwenye vioo, navitia rangi, navipanga vikauke, na jioni naviosha vyote. Anayeinamia hadubini na kutamka kwamba una malaria ni bwana mkubwa wa maabara. Mimi kazi yangu ni kulaumiwa damu ikipakwa kama uji.

Ila damu yangu haipakwi kama uji, hilo nalisema bila haya. Mwaka jana alikuja mtafiti mmoja kutoka ng'ambo, mama wa makamo, akakaa kwetu wiki mbili akikusanya vioo. Siku moja akakiinua kimoja kwenye mwanga wa dirisha, akauliza nani amekipaka. Bwana mkubwa akakohoa. Nikasema ni mimi. Mambo yakaanzia hapo. Chuo chake kina maabara ya kufundishia, na walikuwa wanatafuta mtu wa kuwaandalia vioo mwaka mzima. Unafanya kazi, unalipwa, unajifunza mashine zao, kisha unarudi kwenu kuwafundisha wenzako. Viza yake inaitwa ya mgeni wa kubadilishana. Nikahojiwa kwa simu ya video nimesimama juu ya kiti, maana mtandao wetu unapatikana huko juu. Nikapita. Karatasi ya chuo ikaja. Ukabaki ubalozi wa kwao tu, Dar es Salaam.

Nilikuwa naitamka hivyo hivyo: "umebaki ubalozi tu," kama mtu anayesema imebaki chumvi tu.

Nilimpigia simu mama yangu, anayeishi Choma, kule Igunga, na ng'ombe wake na shamba lake la pamba.

"Kubadilishana?" akasema. "Yaani wakikuchukua wewe, sisi tunaletewa nani?"

"Haletwi mtu, mama. Ni jina la viza tu."

"Basi wametupunja. Waambie walete mmoja anayejua kukamua."

Sasa, nina binti. Wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, na alikuwa ananyonya kama mtu aliyeajiriwa. Baba yake yuko machimboni anatafuta dhahabu, na simu yake hupatikana siku akiumwa. Tumwache huko huko, nikiendelea naye nitaharibu karatasi.

Kwa hiyo kabla ya kwenda popote ilibidi mtoto aache ziwa. Kwetu mtoto haachishwi ziwa huku mama yake akizunguka nyumba ile ile. Anapelekwa kwa bibi. Mama anakaa mbali wiki nzima, mtoto analia siku tatu, ya nne anakubali uji, ya saba amesahau. Wapo wanaopaka shubiri kwenye chuchu ili mtoto aone uchungu. Wangu aliilamba shubiri, akakunja uso, akaendelea na kazi. Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona la kiprofesa: namwacha Choma, nakwenda Dar kuhojiwa, narudi nikiwa na viza na mtoto ameshaacha. Safari moja, mambo mawili. Nilijipongeza kwa sauti nikiosha vioo.

Lakini kwanza fomu ya viza. Inajazwa kwenye kompyuta, na mimi kompyuta sina, nikaenda steshenari moja ya Gongoni. Kijana wa pale huandikia watu barua za viwanja na kuwachapia kadi za harusi, na hana jambo asilolijua. Tukaenda vizuri, jina, kazi, anwani, mpaka akafika penye watoto.

"Watoto wangapi, dada?"

Nikanyamaza. Naomba nieleweke kwa nini nilinyamaza. Binti yangu alipokuwa na miezi mitatu nilikwenda kuomba kazi mahali fulani, wakaniuliza kama nina mtoto mchanga. Nikajibu ninaye, tena kwa tabasamu, nusura niwatolee picha. Wakasema watanipigia. Naisubiri hiyo simu mpaka leo. Hapa Isevya nilipoulizwa nikasema sina, nikaanza Jumatatu. Miezi minne nilikuwa nakamulia chooni. Walipokuja kugundua, nilikuwa nimeshakuwa mtu wa lazima. Kwa hiyo nilikuwa nimejifunza, tena kwa maumivu: kazi na mtoto havitajwi kwenye sentensi moja.

"Ukiandika mtoto," kijana akasema, "watajua utataka kumvuta kule. Ukiandika huna, unakuwa mtu mwepesi. Unasafirika."

"Umeshamjazia mtu akapata?"

"Hilo swali kwenye fomu halipo."

Nilicheka. Mjinga mimi, nilicheka kabisa, nikamwambia aandike hakuna.

Nilimpeleka mtoto Choma siku ya Jumamosi. Mama alimpokea, akamfunga mgongoni, akaniuliza huku anafikicha mahindi, "Hao watu wanajua una mtoto?"

"Haiwahusu."

"Haya," akasema. Kwa mama yangu hilo ni neno baya sana.

Nikapanda basi la Dar kutokea Igunga. Zamani watu wa kwetu walikuwa wakienda pwani kwa miguu, miezi mitatu na pembe za ndovu za watu wengine mabegani, wake zao nyuma na watoto mgongoni, na mvua zikikaribia wanarudi kulima. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha kulala, na soda mkononi, nimeshindwa kubeba mtoto wa kilo kumi. Tena nimeukana huo mzigo wenyewe kwa maandishi.

Mahojiano yalikuwa Jumanne. Anayejua ziwa la siku ya tatu bila kunyonywa ameshaelewa habari hii inakwenda wapi. Matiti yalikuwa mawe. Nilikuwa nimejifunga kanga kifuani mizunguko miwili, juu yake blauzi ya bluu hafifu, kwa sababu mtu aliniambia bluu hafifu inaonyesha umesoma. Nilikaa kwenye benchi nikijirudia majibu: nitaandaa vioo, nitajifunza, nitarudi. Nitaandaa vioo, nitajifunza, nitarudi.

Wakaniita dirisha la tatu. Afisa alikuwa mwanamke, mtulivu, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio.

"Utafanya kazi gani huko?"

Hapo nilikuwa moto. Nikamweleza tone nene na tone jembamba, jinsi ya kusukuma damu kwa ukingo wa kioo bila kusita, jinsi rangi ikizidi inavyoficha vimelea. Alikuwa anaandika, na nikaona anapenda.

"Na baada ya mwaka, kitu gani kitakurudisha Tabora?"

"Kazi yangu."

"Nyumba unayo?"

"Nimepanga chumba."

"Shamba? Mume?"

"Shamba ni la mama. Mume sina."

"Na watoto huna."

"Sina."

Nyuma yangu, kwenye benchi, mtoto wa mtu akalia. Kilio kile cha njaa, cha kukatika katika, na sauti ndogo mwishoni. Sikugeuka. Kichwa hakikugeuka, lakini mwili haukuniomba ruhusa. Nilisikia kwanza kama sindano, halafu joto likishuka, kanga ikalowa, kisha bluu hafifu ikaanza kuwa bluu nzito, upande mmoja, halafu wa pili, kama ramani ya maziwa makuu.

Afisa aliangalia blauzi. Akaangalia fomu. Akaangalia blauzi.

"Nguo yako imelowa," akasema kwa upole.

"Maji," nikasema. "Nimemwagikiwa na maji."

"Chupa za maji zinaachwa getini."

Ningeweza kusema kweli hapo. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mimi nikasema, "Basi ni jasho."

Jasho! Mwanamke amesimama na miduara miwili kifuani, anamwambia mwanamke mwenzake ni jasho.

Akaweka kalamu chini. "Una mtoto wa umri gani?"

Nikasema mwaka na miezi minane. Nikasema yuko kwa bibi yake. Nikasema anapenda uji wa ulezi, sijui kwa nini, hakuna aliyeuliza uji. Sauti ikanikatika, na nilikasirika kwamba imekatika.

"Ungemwandika," akasema, "ningekuwa na sababu ya kuamini utarudi. Sasa nina fomu isiyo ya kweli. Leo siwezi kukupa. Unaweza kuomba upya, na uandike kila kitu."

Ndiyo hivyo. Kile kitu kimoja kilichokuwa kinanifunga nyumbani, ambacho wao walikuwa wanakitafuta, mimi nilikifuta kwa mkono wangu nikacheka. Nilitoka nimeshika faili kifuani kama ngao. Mlinzi wa getini akanirudishia chupa yangu ya maji, imejaa, mpaka juu.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara, nikamwandikia yule mtafiti. Nilianza na hadithi ya mtandao, nikaifuta. Nikaanza na hadithi ya ugonjwa, nikaifuta. Mwisho nikaandika: nimenyimwa kwa sababu nilidanganya kwamba sina mtoto. Nikaituma upesi, kabla sijajishauri tena.

Nilifika Choma Alhamisi mchana. Mtoto alikuwa uani na vifaranga. Akaniona, akasimama, akaangalia uso, macho yakashuka kifuani, akaja mbio huku analia kabla hajanifikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usimpe bado," mama akasema. "Hayo yamelala siku tano. Kamua kwanza umwage."

Nikaenda nyuma ya jiko, nikakamua kwenye majivu, mtoto ameshika sketi yangu ananitukana kwa lugha yake. Mama akasimama pembeni.

"Walikupa?"

"Hawakunipa. Niliandika sina mtoto."

Akamtazama mtoto. "Na ulipokuwa unaandika, huyu alikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimempakata."

Mama aliangua kicheko, akajizuia, kikamshinda tena. Nikakasirika, halafu na mimi kikanipata, cha puani, kibaya.

Jibu la mtafiti likaingia tumekaa kwenye mkeka, mtoto amejaza mdomo, siku tano zote za kumwachisha zimekwenda na maji. Alisema muhula unaanza, maabara haiwezi kungoja, nafasi wamempa mtu mwingine. Sikulia. Nilimwonea wivu huyo mtu na mikono yake. Chini akaongeza kwamba mwakani watatafuta tena, na kama bado nataka, nimtumie maelezo yangu yote upya, yote, alirudia.

Nikaandika kwa dole gumba moja, mkono wa pili umeshika mtoto. Kazi yangu, cheti changu, miaka yangu ya vioo. Kisha: nina binti mmoja, ananyonya, na nikiondoka atabaki na mama yangu Choma. Herufi zilikosewa mahali pawili. Nilipotaka kurekebisha mtoto akaning'ata, nikapiga yowe, na dole gumba likawa limeshatuma.