Nilikata Kilio cha Shangazi Nikakifanya Biti

Mimi ni mpumbavu, na naanza hapo hapo ili usipoteze muda kunihurumia. Nikimaliza kusimulia utanidharau. Karibu, mimi mwenyewe nimeshaanza zamani.

Natengeneza muziki hapa Same mjini. Studio yangu ni chumba cha kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, magodoro ukutani, vumbi kila upepo ukivuma, na upepo wa Same mnaujua. Mlangoni nimeandika PRODYUZA kwa herufi kubwa. Prodyuza wa nini, jamani!

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuokota sauti. Nilikuwa na kinasa sauti kidogo, natembea nacho kila mahali: mnada wa ng'ombe, mvua kwenye bati, kwaya ya kanisani, pikipiki zikipanda mlima. Nikirudi nina rekodi ndefu za kelele, na humo ndani pengine kuna mlio mmoja mzuri wa kutia kwenye biti. Kuupata lazima ukae chini usikilize. Mimi nikae chini nisikilize? Thubutu!

Nikapata programu. Hii huandiki lugha ya kompyuta. Unavuta viboksi kwenye skrini na kuviunganisha kwa nyaya za kuchora. Boksi la kwanza linameza rekodi ndefu. La pili linatafuta penye kimya. La tatu linakata hapo hapo. La nne linatupa vipande kwenye folda, kila kipande na namba yake, jina hakuna. Ukishabonyeza unaenda zako kula, ukirudi rekodi nzima imekuwa vipande vidogo vidogo kama nyama ya mishikaki.

Nikajiona nimefika! Wenzangu waliokuwa wanasikiliza rekodi zao mwanzo hadi mwisho niliwacheka. "Nyie endeleeni kuchambua mchele kwa mkono," niliwaambia. Majigambo ya mtu aliyefeli hesabu tangu shule ya msingi.

Sasa, binamu yangu akafariki. Mtoto wa pekee wa shangazi yangu wa Mamba, kijijini kwetu huko mlimani, dada yake baba. Pikipiki ilimwangusha kwenye kona za mlimani. Ndugu walioko mbali hawakuweza kufika, wakaniomba niwarekodie msiba. Nikaweka kinasa sauti sebuleni, karibu na jeneza, nikakiacha kinarekodi tangu asubuhi.

Shangazi alikuwa amekaa chini, mkono juu ya jeneza. Kwenye ukoo wetu anayejua kulia ni yeye. Sisemi machozi, machozi kila mtu anayo. Nasema kulia: anamwita marehemu, anaongea naye, anamgombeza kwa kuondoka bila kuaga, na sauti ina mwendo wake, hata wanaume wagumu wanatoka nje. Siku ile alikuwa anamwamsha mwanawe.

"Amka, baba. Nguo nimekunyooshea. Amka, chai imepoa." Ananyamaza, anavuta pumzi, anaanza tena. "Chai imepoa, baba. Chai imepoa."

Ndugu niliwatumia rekodi yao. Nakala yangu ikabaki kwenye folda, pamoja na ng'ombe na mvua. Siku moja nikabonyeza viboksi vyangu, vikameza rekodi zote bila kubagua.

Mashine inakata penye kimya, na shangazi alikuwa ananyamaza ili apumue. Basi "amka, baba" ikapewa namba yake. "Nguo nimekunyooshea" ikapewa namba yake. "Chai imepoa" ikabaki peke yake, safi kabisa, na katetemeko kadogo mwishoni.

Hapa ndipo ningependa kukudanganya. Familia nzima niliidanganya hapa hapa. Niliwaambia sikujua, kompyuta imechanganya mafaili. Uongo mtupu! Nilipoisikia mara ya kwanza nilisema tu, duh, hii kali. Mara ya pili nikamjua. Nani asiyeijua sauti ya shangazi yake? Mtu niliyekaa kwake likizo zangu zote, aliyenifundisha kung'oa tangawizi bila kuivunja! Halafu nikaipandisha sauti yake ikawa nyembamba kama ya kitoto, ili asitambulike, nikaitandikia ngoma ya singeli.

Nikaisambaza bure kwenye simu, biti ikapaa. MC mmoja wa harusi, mtu wa kelele nyingi na akili haba, akaifanya ndiyo ya kuwainua watu vitini. "Chai!" anapaza yeye. "Imepoa!" wanaitikia, mashangingi wamevua viatu. Bodaboda wa stendi wakawa wanaitiana nayo. Abiria akichelewa kupanda, "Mama, twende, chai imepoa!" Na mimi napita katikati yao kifua mbele, nasubiri nisifiwe.

Nikapanda Mamba kusalimia. Shangazi nilimkuta kwenye banda la kikundi chao cha wakulima, yeye na wenzake wanachambua tangawizi za kupeleka sokoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko mjini hamli?"

Kabla sijakaa, bodaboda akafika kubeba magunia, spika kaifunga kwenye usukani. Chai imepoa! Chai imepoa! Wanawake wakacheka, mmoja akasimama akatikisa mabega. Shangazi naye alitabasamu. Mungu wangu, alitabasamu, na kichwa kikawa kinafuata ngoma! Kisha mkono wake ukatulia juu ya lundo la tangawizi.

"Hebu rudisha hapo," akamwambia bodaboda.

Akarudisha.

"Nani katengeneza?"

"Si huyu hapa, mama! Prodyuza wetu. Kipaji cha nyumbani hiki!" Akanipiga bega kwa furaha.

Shangazi akanigeukia. "Hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Shangazi, ni kompyuta. Inakata yenyewe."

"Inakata yenyewe."

"Ndiyo. Mimi hata sichagui."

"Na kuitia ngoma, inaitia yenyewe?"

Wale wanawake wote walikuwa msibani siku ile. Niliwaona wanaelewa mmoja baada ya mwingine, kicheko kinawakauka midomoni. Hakuna aliyenitukana. Shangazi alifuta mikono kwenye kanga, akaondoka kwenda kwake, tangawizi kaziacha pale pale.

Nilimfuata, nikamwomba radhi mlangoni kwake. Alisema amesikia. Akanipakulia chakula, nikala kama mwizi. Kwamba amenisamehe, hakusema.

Nikajaribu kuifuta. Uifute wapi? Ilishasambaa simu kwa simu. Nikampigia yule MC, nikamweleza yote, nikamsihi aache kuipiga. Alicheka! "Kaka, hiyo stori ndiyo kiki yenyewe, watu watazidi kuitafuta. Ifanyie rimiksi." Nilimdharau mtu yule mpaka nikamkatia simu. Halafu nikakumbuka kwamba yeye anapakua tu, mpishi ni mimi.

Baadaye baba yangu akaugua ghafla. Hakukawia. Tukampandisha Mamba kumzika.

Kwetu jeneza likiingia uani, dada wa marehemu ndiye anayelipokea kwa kilio, na wengine wanafuata. Hakuna anayemtangulia. Ndiyo namna ya kumwambia mtu kwamba amefika nyumbani. Baba alikuwa akitania tangu zamani: "Dada yangu akinililia, hata wadai wangu watasamehe."

Jeneza likaingia. Watu wakasimama, wanamsubiri shangazi. Yeye akautazama umati. Simu zilikuwa juu, watu wanarekodi kama ilivyo siku hizi kwenye kila msiba. Akachukua ncha ya kanga akajiziba mdomo.

Mama akamsogelea. "Wifi, mlilie kaka yako."

"Siwezi, wifi."

"Mlilie, jamani! Ataingiaje hivi hivi kama mgeni?"

Shangazi akanionyesha mimi kwa kidevu. "Sauti yangu anayo huyo. Mwambie amwekee baba yake."

Uwanja mzima ulisikia. Mama akanitazama, na sijawahi kutazamwa vile na mtu aliyenizaa. Wabebaji wakasita kidogo, wakaona hakuna kinachokuja, wakaendelea kutembea. Nilisikia viatu vyao kwenye changarawe na kuku wa jirani. Machozi yalikuwa yanamtiririka shangazi mpaka shingoni, na sauti haikutoka hata kidogo. Baba yangu, mtu aliyewasindikiza marehemu wa kijiji kizima, aliingizwa ndani kwake kama gunia la mahindi.

Mama hajanisema mpaka leo. Angenitukana ningepata nafuu. Ananiuliza kama nimekula, basi.

Programu bado ninayo, sitajifanya mtakatifu. Ile haina kosa. Iliambiwa ikate, ikakata. Aliyekuwa na masikio pale chumbani ni mimi, na nikayatumia kutafuta sifa za walevi wa harusini. Tena za bure!

Nyie wenzangu mnaorekodi watu misibani, makanisani, sokoni, halafu mnaiachia mashine iwakatekate: acheni uvivu. Sikilizeni wenyewe. Ukimtambua mwenye sauti, mfuate alipo umwombe kabla hujagusa kitu. Na ukiona aibu kumwomba, basi jibu umeshalipata, zima kompyuta ukalale. Mimi niliiona hiyo aibu, nikaipandisha sauti yake ili asijulikane, na baba yangu akazikwa bila kuliliwa na dada yake.