Kiwanja cha Chini, Wakati wa Masika

Mke wangu ana magoti mabovu, ndiyo maana nilianza kutafuta kiwanja kitongoji cha chini. Tulikuwa tumepanga chumba Endasak, mvua ikinyesha tunahamisha kitanda, na akiba yetu ilitosha kiwanja kimoja tu. Ukikosea, basi.

Kitongoji cha juu, upande wa mlima, kina maji ya bomba na udongo wa mahindi. Lakini masika bodaboda anakushusha katikati ya mteremko, na nauli anadai yote. Chini ni tambarare, karibu na zahanati, na siku dalali aliponipeleka kuona kiwanja nyasi zilikuwa za kijani mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Bosi, hapa mama atatembea mpaka azeeke," dalali akasema.

Nikapunguza bei, nikapunguza tena. Muuzaji alikubali haraka. Hapo nilipaswa kushtuka. Mtu wa huku haachii shilingi bila kuugulia.

Siku ya kuandikishana tulikaa palepale kiwanjani: mwenyekiti wa kitongoji, majirani wa mipaka, na ndoo ya pombe ya asali niliyoinunua mimi. Kila jirani akaonyesha mpaka wake, akasema hana neno. Nilikuwa nimeshika kalamu alipopita mama mmoja mfugaji, mtu mzima, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe unayenunua njia ya ng'ombe?"

"Njia ipi?"

"Hiyo uliyoikalia. Sasa mvua ipo, wanakunywa hukohuko mbugani. Kiangazi wote wanapita hapa kwenda kunywa lamboni. Jenga tu, mwanangu. Watakuwa wanakuamsha."

Wakacheka wote. Walicheka kama watu waliokuwa wanasubiri, na hilo ndilo lililonichoma.

"Mwenyekiti, ulijua?"

"Kila mtu anajua."

"Mbona hukusema?"

"Mtu anauza chake, mimi nimharibie? Na wewe hukuuliza."

Sikuuliza! Niliuliza mchwa, niliuliza mafuriko, niliuliza ugomvi wa mirathi, kila kitu mara mbili. Ningejuaje kuuliza kama ng'ombe watapita sebuleni? Wao kufumba mdomo ndiyo wanaita adabu. Adabu gani hiyo, unamtazama mwenzako akizika akiba yake njiani huku unakunywa pombe yake?

Niliweka kalamu chini, nikabeba ndoo yangu na kilichobaki ndani.

Tukanunua juu. Mke wangu akitoka zahanati anapanda akipumzika, ameshika kuta za watu, na mimi nyuma yake nawatukana wale watu wa chini kimyakimya.

Masika haya nikamwona dalali yuleyule amemleta mwalimu mgeni kukitazama kile kiwanja. Mwalimu amesimama katikati ya nyasi, anatabasamu. Nilishuka mbio.

"Mwalimu, hapo ni njia ya ng'ombe," nikasema, kwa sauti ya kuwafikia majirani wa mipaka yote.

Tangu siku hiyo hawanisalimii. Wasinisalimie.