Fulana ya Vikamba kwa Mjukuu wa Kwanza

Jua halijamaliza kuuvuka ukuta wa wodi ya wazazi, na tayari bati la kibaraza cha ng'ambo linatoa milio ya joto. Chini yake, fundi cherehani ambaye kila mtu humwita Mama Vikamba anakanyaga pedali bila kuinua uso.

Anashona fulana ya mtoto mchanga. Pamba nyepesi, mikono mifupi, haina kifungo wala zipu. Inafungwa ubavuni kwa vikamba viwili vifupi, ili mtoto avalishwe akiwa amelala, asivutwe kichwa. Hapo ndipo jina lake lilipotoka.

Kijana mmoja, baba wa tangu jana, anasimama mbele yake amekumbatia suti ya manyoya ya dukani.

"Mama, nimeambiwa mtoto asipigwe na upepo."

"Upepo gani? Wewe mwenyewe umevaa nini?"

"Shati."

"Na shati lenyewe limekuganda mgongoni. Mwanao amekukosea nini, baba, hata umpike?"

Kijana anacheka na kununua fulana mbili. Mama Vikamba anamsindikiza kwa sauti: "Fulana na nepi, basi! Akilala, shuka jepesi. Na usimpime joto mikononi, mikono ya kichanga hupoa yenyewe. Mpime shingoni, kwa nyuma!"

Ukali huo una historia. Alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo kilichotoa pamba laini kama hii. Asubuhi moja wafanyakazi walikuta geti limefungwa kwa mnyororo, wakaambiwa ni matengenezo. Matengenezo hayo hayajaisha hadi leo, na mashine ziliondoka kwenye malori mchana kweupe. Sasa pamba inakwenda nje ikiwa ghafi, zinarudi suti za nailoni zilizoshonwa kwa ajili ya watoto wa kwenye theluji. Vichanga wanaota harara mwili mzima, halafu mama zao ndio wanaosemwa hawajui kulea.

"Waliofunga wameshasahau," anasema. "Mimi sisahau. Kila fulana ninayoshona, nawakumbusha."

Lakini leo hasira imepewa likizo. Fulana iliyo kwenye cherehani haiuzwi. Ni ya mjukuu wake wa kwanza, anayetoka wodini leo.

Tatizo limekaa kwenye benchi kando yake, limepakata mfuko. Ni bibi wa upande wa pili, mama wa mkwewe. Tangu mimba ilipojulikana amekuwa akifuma: sweta, kofia, soksi na blanketi, vyote vya sufu nyeupe. Na binti wa Mama Vikamba anaishi nyumbani kwa bibi huyo.

Wageni huwafokea bila kupepesa macho. Huyu atamwambiaje? Akinyamaza, mjukuu atachemka. Akisema, atakuwa ameitupa miezi yote ya upendo wa mwanamke mwenzake, na atakayenuniwa jikoni ni binti yake.

Fulana inakamilika, wanaingia nayo wodini pamoja. Mama Vikamba amejipangia maneno laini tangu mlangoni. Anampokea mtoto, anakishika kiganja chake kidogo, na maneno yote yanamtoka kichwani. Kiganja ni cha baridi.

"Jamani, mtoto anaganda! Mzazi mwenzangu, lete hilo sweta!"

Mwenzake haambiwi mara mbili. Sweta, kofia, soksi, blanketi. Mama Vikamba anavua hata mtandio wake na kuuongeza juu. Mtoto anabaki pua tu. Muda si muda uso unaiva, na kilio kinaamsha vitanda vyote.

Binti yake anacheka hadi anashika tumbo. "Mama! Siku hizi mikono ndiyo inapimwa?"

Mama Vikamba anapenyeza vidole nyuma ya shingo ya mjukuu. Jasho tele. Anamtazama mzazi mwenzake. Mzazi mwenzake anamtazama yeye.

"Kumbe kelele zote za pale nje," anasema mwenzake, "na wewe ni bibi tu kama mimi!"

Wanaangua kicheko, huku mikono minne ikishindana kumvua mtoto. Fulana inafungwa ubavuni. Mtoto ananyoosha miguu, anapiga mwayo, analala.

"Sweta litangoja miezi ya baridi," anasema bibi mfumaji. "Likimbana, atavaa mdoli. Una uzi wa pamba, mzazi mwenzangu? Nimfumie shali ya matundu."

Uzi upo. Mama Vikamba ameshapanga kuongeza kiti cha pili kibarazani, kisha cha tatu. Wenzake wa kiwandani anawakumbuka mmoja mmoja na anajua wanakoishi, atawafuata.

"Tukijaa pale, kiwanda kimefunguliwa," anasema, akimpepea mjukuu kwa ncha ya mtandio. "Na safari hii hakuna geti la kutia mnyororo."