Mteremko wa Nyuma ya Jikoni

Leo asubuhi nimekata mgomba uliokwisha kuzaa, na harufu mbichi ya utomvu wake ikanisimamisha, panga mkononi. Binti yangu yuko kibarazani, anashindanisha magari kwenye mchezo wa simu.

Nilipokuwa mtoto, nyuma ya jikoni kwetu palikuwa na mteremko wa udongo mwekundu ulioshuka hadi kwenye miwa. Mvua ikinyesha, ulikuwa wetu. Mimi na dada yangu tulikalia maganda ya mgomba, upande wenye majimaji chini, tukateleza huku tukipiga kelele, matope yakitujaa masikioni. Siku moja maganda yalituishia, nami nikakata mgomba uliokuwa na mkungu mchanga.

Mama akatoka na fimbo. Tangu tumzike baba, alikuwa mtu wa kunyamaza.

"Nani amekata ndizi yangu?"

Dada yangu akaniangalia.

"Ni mimi, mama," nikasema, nikajikaza kungoja fimbo.

Mama aliutazama ule mkungu, kisha akautazama mteremko. "Na hiyo kitu inateleza kweli?"

"Inateleza sana."

"Songa."

Akaweka fimbo chini, akakaza leso kiunoni, akaketi kwenye ganda langu. Alishuka kwa kasi, akapita mahali pote tulipowahi kufika, akazama kwenye miwa. Nilianza kukimbilia chini kwa hofu. Ndipo nikasikia kicheko chake, kikubwa, kisichojali majirani.

"Leteni ganda lingine," akaita kutoka ndani ya miwa. "Hili limepasuka."