Siku Niliyotafsiri Fanki Kanisani Mbumbuni

Hata leo nikipita Mbumbuni huwa nafunika uso na gazeti, na nyinyi chekeni tu, aibu ni yangu na nimeshaizoea.

Miaka ya sabini nilikuwa nauza petroli Mtito Andei, na dereva mmoja wa lori akanigawia santuri ya bendi ya fanki ya Amerika, wanaume wanane wenye nywele kama vichaka na suruali pana za kufagia barabara. Niliwapenda hao watu kupita kiasi. Maisha yao yote nilikuwa nayajua (nilisoma nyuma ya kava hadi maandishi yakaanza kufutika): walianza kwa baa za mji wao, wakazunguka majimbo na gari moja kuukuu, mpiga tarumbeta akagombana na kiongozi akaenda zake, halafu rekodi moja ikashika wakawa matajiri.

Sasa mimi nilikuwa nataka kumuoa Mwende wa Mbumbuni, na mbuzi tatu za ntheo, zile za kuonyesha umekuja kwa nia, zilikuwa zimeshapokelewa kwao. Jumamosi moja nikaenda kumsalimia baba yake, Mzee Musyoka, mzee wa kanisa, mtu ambaye redio alifungulia habari tu halafu akazima, na mjinga mimi nikabeba santuri nimwonyeshe Mwende. Mzee akaiona.

"Hawa ni nani?"

Ningesema ni wanamuziki ningekaripiwa kidogo, halafu tungekula. Nikasema ni kwaya ya injili.

Basi akataka historia yao, nami nikampa (kwa ufundi, sitaki kujidharau). Baa zikawa vituo vya mahubiri, kuzunguka majimbo kukawa krusedi, na yule wa tarumbeta nikasema alirudi nyuma kiimani, tumwombee. Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Kesho uilete kanisani," akasema. "Mchungaji ako na gramafoni ya betri. Na wewe utatafsiri."

Mnajua kwetu, mgeni akihubiri kwa Kiingereza mtu husimama kando yake akigeuza kila mstari kwa Kikamba. Ndivyo nilivyojikuta mbele ya kanisa zima, kando ya gramafoni, nikiwa nimefunga tai. Mwanzoni nilienda vizuri. Jamaa anayeimba kwenye santuri akapiga kelele watu wainuke, nikasema Bwana anataka tusimame, na kanisa lote likasimama, hata mama mzazi wa Mzee, ambaye miguu ilikuwa imemkataa na ilibidi ashikwe na watu wawili. Jamaa akaguna, nikasema hiyo ni toba. Akina mama wakaanza kuyumba, Mzee akafumba macho akipiga makofi, nikajiambia, wewe umepona.

Halafu jamaa akaanza kumwambia mwanamke mambo ya kitandani, polepole, neno kwa neno, nami nikasema, "Anamwita Bibi Arusi, yaani Kanisa."

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mama mmoja mkali aliyekaa mbele, akainua mkono.

"Mchungaji, sivyo anavyosema."

"Anasema nini, mwalimu?"

"Siwezi kusema. Kuna watoto."

Mchungaji akainua sindano. Watu walikuwa bado wamesimama, hawajui wakae ama vipi, na wote wananiangalia mimi. Mwende akatoka nje bila kunitazama.

Jumatatu Mzee akazirudisha mbuzi zote tatu nyumbani kwetu Kasikeu, na mbuzi zikirudi mnajua maneno yameisha. Nikamwambia, "Baba, ule ulikuwa muziki tu."

"Muziki ningekusamehe," akasema, "hata mguu wangu ulicheza. Lakini mama yangu alisimama kwa neno lako. Siku ukiniambia mtoto wangu yuko salama kwako, nitajuaje?"

Tangu hapo nimeapa, mkwe akiniuliza kitu nasema ukweli mbio, hata kabla ya chai, na mkwe niliyempata baadaye alinisifu sana kwa hiyo tabia. Lakini Mwende ndiye nilikuwa nataka.